Rubani wa Santa Iria

Kipofu Amaro alikuwa na sauti ya kuuzia vitabu. Kila merikebu ya India ilipopotea, haikuchukua muda mrefu habari zake zikachapwa vijitabuni, naye Amaro akavitundika kwenye kamba kati ya nguzo mbili za soko letu la Ribeira, hapa Lisbon, akasimama chini yake akighani mwanzo wa kisa. Alighani mpaka pale ambapo kila mtu ameshika pumzi, kisha akanyamaza. Aliyetaka kujua mwisho, anunue.

Mimi na Guiomar tulikuwa tunakaanga samaki karibu naye, majiko yetu yakipakana. Tulikuwa tumevisikia visa hivyo hadi tukawa tunamtangulia. "Sasa mlingoti unavunjika," Guiomar alikuwa akisema, na kweli, mlingoti ulivunjika.

Asubuhi moja baada ya Pasaka, mwaka wa 1562, kisa kilikuwa cha Santa Iria. Guiomar aliposikia jina hilo aliacha kugeuza samaki. Mumewe, Lançarote Vaz, ndiye aliyekuwa rubani wa merikebu hiyo. Miaka miwili nyuma Guiomar aliletewa habari kwamba imevunjika ikirudi kutoka India, kwenye pwani isiyo na mji wala ngome, kabla ya kufika Rasi ya Tumaini Jema, na kwamba rubani amezama. Alilia, akamwombea Misa, akavaa nguo nyeusi. Sasa alikuwa karibu kuzivua. Simão, fundi wa mapipa wa mtaani kwetu, alikuwa amemposa, na padri alishaitangaza ndoa yao mara ya kwanza kanisani.

"Nahodha Dom Fradique," Amaro alighani, "mtu wa damu njema, alimsihi rubani asiikaribie nchi kavu. Lakini rubani Lançarote Vaz, kichwa kimejaa kiburi na tumbo limejaa mvinyo, alimcheka nahodha wake, akaugeuza usukani kuelekea mwambani..."

Soko zima lilikuwa linamjua Guiomar. Wanawake wa mboga waliinamia vikapu vyao, wakajifanya wanapanga vitunguu.

Guiomar alifuta mikono akaenda kusimama mbele ya Amaro. "Huyo unayemtukana ni mume wangu."

"Mama Guiomar?" Amaro alishusha sauti. "Sikujua kama leo umekuja."

"Nisingekuja ungeghani?"

Amaro alifikiri kidogo. "Ningeghani, mama. Siwezi kukudanganya. Hiki kitakwenda kama mkate wa moto."

"Lançarote alikuwa hanywi mvinyo. Ukimpa, anatapika. Siku ya harusi yetu aliwatapikia wajomba zangu."

"Hayo mimi sikuambiwa. Mimi nauza tu. Mwandishi ni Mwalimu Baltasar, anakaa kule juu, kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Mwambie yeye." Kisha akaongeza, "Na kitabu chukua, mama. Hiki ni chako."

Alikichukua. Samaki wake wote waliungua, na wangu pia, maana nilikuwa nasikiliza.

Tulikwenda wote wawili siku hiyo hiyo, kwa sababu haikuwa vizuri mjane aliyeposwa aonekane akiingia peke yake nyumbani kwa mwanamume. Njiani tulimpitia Simão karakanani kwake. Aliusikiliza mkasa wote huku akigonga pete ya pipa, akasema, "Guiomar, mtu amekufa. Hasikii."

"Mimi nasikia," Guiomar alijibu, tukaendelea kupanda.

Mwalimu Baltasar hakuwa mtu niliyemtarajia. Nilidhani mtu anayeandika dhoruba namna ile atakuwa na kovu usoni. Kumbe alikuwa mzee mfupi, mwepesi wa kuomba radhi, na alituambia mwenyewe kwamba hajapata kusafiri baharini. Hata kuvuka mto kwa mashua kunamtia kichefuchefu. Zamani alifundisha watoto Kilatini. Akaanza kuandika visa vya merikebu baada ya mwanawe kupotea na mojawapo, na hakuna aliyejua kumwambia ilipotelea wapi.

Guiomar alimwekea kijitabu mezani. "Nani alikwambia kwamba mume wangu alikuwa mlevi?"

"Dom Duarte, mpwa wa nahodha. Alikuwamo merikebuni, akarudi mzima. Nilikaa naye siku nzima, mama. Alilia mbele yangu."

"Na mwingine nani?"

"Mwingine?"

"Mwingine uliyemuuliza."

Mwalimu alishika ndevu zake. "Nahodha alifia njiani. Waliorudi ni wachache, na wengi wamekwisha kupanda merikebu nyingine. Nilitafuta."

"Ulitafuta wapi?"

"Niliuliza kwa watu wanaofahamiana na Dom Duarte."

Nilitaka kucheka. Guiomar hakucheka. "Mwalimu, mtoto wa shule akikuletea habari ya ugomvi aliousikia kwa mmoja tu wa wagombanao, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia arudi akaulize," alisema Mwalimu Baltasar polepole.

"Basi wewe kaa. Nitakuletea mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Gaspar, fundi wa kukalafati, kuziba nyufa za merikebu. Alisafiri na Lançarote safari tatu, na kabla ya hapo walikuwa wakila pamoja nyumbani kwa Guiomar kila Jumapili. Alirudi kutoka kwenye mkasa ule akiwa mifupa mitupu, akaja mara moja tu kutoa pole. Alisema maneno yale yale, rubani amezama, akala kipande cha mkate huku amesimama, akaondoka. Tangu hapo akimwona Guiomar kwa mbali hugeuza njia.

Tulimkuta kwenye gati la kujengea merikebu, amelala chali chini ya mashua, anashindilia nyuzi kwenye nyufa za mbao. Guiomar alichuchumaa pembeni.

"Gaspar, unanikimbia."

Nyundo ilisimama. "Sikukimbii, shemeji. Nina kazi."

"Wameandika kwamba Lançarote aliivunja merikebu kwa ulevi."

Gaspar alitoka chini ya mashua, lami mpaka kwenye nyusi. "Ulevi? Lançarote?" Alitaka kutabasamu, tabasamu likakatika. "Nani kaandika upuuzi huo?"

"Njoo umwambie mwenyewe."

"Shemeji, mimi sijui kusema mbele ya watu wa vitabu."

"Unajua kusema mbele yangu?"

Alianza kukusanya zana zake. Mwisho akasema, "Ndilo gumu zaidi, hilo." Lakini alikuja. Aliosha uso kwa maji ya mto, akatufuata nyuma nyuma.

Kwa Mwalimu hakukubali kukaa, alisema atachafua kiti. Alisimama dirishani akasimulia akitazama nje. Mwalimu aliandika, akimkatiza kwa sauti ndogo kila alipoachwa nyuma.

Alisema Santa Iria ilipakiwa pilipili manga na makasha mpaka sitahani, mabaharia wakawa hawana pa kukanyaga. Mbao zilikuwa zimeoza. Yeye mwenyewe alitia kisu ubavuni mwa merikebu, kikazama kama kwenye jibini. Walipokuwa bado upande wa Msumbiji, merikebu ilikuwa inaingiza maji na watu hawalali kwa kuyakumba na kuyamwaga baharini. Lançarote akamwendea nahodha, akataka wageuze, waingie Msumbiji, watengeneze merikebu na wasubiri msimu mwingine. Dom Fradique akakataa. Alisema shehena ikichelewa mwaka mzima atadhihakiwa Lisbon nzima. Rubani akasema kama ni hivyo basi wakae mbali na nchi kavu, maana merikebu haitageuka upesi. Nahodha akaamuru waikaribie, ili wakizama wazame karibu na ufuko. Na nahodha ndiye mwenye amri.

"Kwa hiyo usukani uligeuzwa kwa amri ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ya nahodha. Lançarote aliapa kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba si neno lake. Dom Duarte alikuwa amesimama hapo hapo, anatapika."

Guiomar aliniangalia. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuvaa shali yangu.

"Kisha tukapiga mwamba," Mwalimu alisema akiandika, "na rubani akazama."

Gaspar aliegemeza mkono kwenye fremu ya dirisha.

"Gaspar," Guiomar alisema.

"Hakuzama, shemeji."

Alisema hivyo akilitazama dirisha. Kisha akasimulia mengine. Lançarote alifika ufukoni akiwa hai, ila mguu ulivunjika kwenye mawe. Walitengeneza machela kwa makasia mawili na kipande cha tanga, wakambeba, watu wanne wakipokezana, Gaspar mmojawapo. Walikwenda wakifuata pwani kuelekea kaskazini, wakila kome na mizizi. Kila siku kulikuwa na watu wa kuzika. Walipofika kwenye mto mpana, nahodha alisema machela inawachelewesha. Alitaka wavuke maji yakiwa yamekupwa, na ng'ambo waongeze mwendo. Akaamuru rubani aachwe.

"Mkamwacha," Guiomar alisema.

"Tukamwacha. Tulimwekea chungu na kisu. Tena nikampa misumari yangu yote, kwa sababu watu wa kule wanathamini chuma. Walikuwa wamesimama kilimani wanatutazama, na ng'ombe wao. Hawakuwa wakali. Lançarote aliniambia, 'Nenda, Gaspar, mimi nitaongea nao.' Nikamwuliza, utaongea nao lugha gani? Akacheka." Gaspar alijifuta uso, lami ikapakaa. "Machela niliiweka chini mimi. Mikono hii. Nikaja kwako nikakwambia amezama, na sote tuliobaki tulikubaliana kusema hivyo."

Guiomar alikaa, mikono mapajani. Mimi nilijua nimfanyie nini mtu anayelia, lakini yeye hakulia. Mwisho alimwambia Gaspar, "Kaa kwenye kiti," na Gaspar akakaa.

Mwalimu Baltasar ndiye aliyelitaja jambo lenyewe. Aliweka kalamu chini. "Mama, umeelewa maana yake? Padri akisikia habari hii, hawezi kukufungisha ndoa. Hakuna aliyemwona mumeo akifa."

"Nimeelewa."

"Hiki kitabu kitachapwa upya, hilo nakuahidi. Nitaandika ukweli wa merikebu na amri ya nahodha. Lakini habari ya mto... hiyo naweza kuiacha. Jina lake litasafishika, na wewe utabaki mjane. Sisi wanne tutanyamaza."

Guiomar alisema atampa jibu.

Siku zile zilikuwa mbaya. Simão aliambiwa, maana Guiomar hakuwa mtu wa kumficha. Walizozana mbele ya jiko langu, watu wakinunua samaki huku masikio yamesimama.

"Mtu kaachwa porini na mguu uliovunjika," Simão alisema. "Unadhani yuko wapi sasa? Anacheza ngoma?"

"Sijui yuko wapi."

"Basi mimi najua. Yuko pale pale alipoachwa, na majani yameota."

"Huenda."

"Na kwa hilo 'huenda' mimi nikae? Nina miaka arobaini na mbili, Guiomar. Nimenunua kitanda."

Niliona haya kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa na haki. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amempenda Guiomar tangu zamani, kabla ya Lançarote, lakini alikuwa mzito wa kusema, rubani akamtangulia.

Guiomar aliondoa kikaango motoni ndipo akamjibu. "Vitabu vya Mwalimu vinasomwa merikebuni. Gaspar ameniambia, wanavichukua, wanasomeana wakati hakuna upepo. Kikisema amezama, hakuna atakayeinua jicho akipita pwani ile. Kikisema ameachwa hai kwenye mto fulani, huenda mmoja atauliza. Nikikaa kimya ili niolewe, nitakuwa nimeishusha machela mara ya pili."

Simão alichukua kofia yake. "Kitanda hakiozi," alisema, akaondoka. Hakuja sokoni kwa muda mrefu, na mapipa ya samaki wa chumvi tukawa tunamtuma mtu kuyachukua.

Guiomar alirudi kwa Mwalimu, akamwambia aandike yote. Na hapo ndipo nilipomheshimu yule mzee. Alimwita Gaspar tena na tena. Mto una rangi gani? Una mlima karibu? Umetoka upande gani wa rasi? Nyumba za watu zina umbo gani? Gaspar alikuwa hoi. Lakini yalipatikana mengi: mto wa maji mekundu, kilima chenye kilele bapa kama meza upande wa kusini, na mwamba baharini uliotoboka katikati, mawimbi yakipita ndani.

Kitabu kilitoka kabla ya joto kuanza. Amaro alikighani kwa nguvu zaidi kuliko cha kwanza, na alipofika kwenye mto hakunyamaza, aliendelea mpaka mwisho bila kujali mauzo. Padri aliisimamisha ndoa, kwa upole lakini aliisimamisha. Dom Duarte aliwatuma watumishi wake wakaikata kamba ya Amaro na kuvikanyaga vitabu topeni. Wanawake wa mboga waliwarushia vichwa vya samaki vilivyooza. Vingi vilitoka kwangu. Wiki iliyofuata Dom Duarte alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu. Tulitarajia kusikia amempiga. Mwalimu alituambia alikaa tu, akasema kwamba alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule, na kwamba nahodha alikuwa mjomba wake. Kisha akatoka.

Guiomar hakuvua nguo nyeusi wala hakujua tena kwa nini anazivaa. Watu hawakujua wamwite nani. Wapo waliomwita mjane, wapo waliomwambia, "Mumeo hajambo?" kwa kumdhihaki, naye akajibu, "Sijui, akija nitamwuliza." Gaspar alirudi kula kwake Jumapili. Mwanzoni chakula kilikuwa hakimshuki.

Ulipita mwaka, na mwingine, na mwingine. Kisha ukaja msafara wa India, na baharia mmoja aitwaye Cosme akafika sokoni anauliza mke wa rubani wa kitabuni. Nilimfungia Guiomar jiko lake kwa mikono yangu. Tulimpeleka Cosme kwa Mwalimu, ili aseme mara moja na yaandikwe.

Cosme alikuwa amekaa Msumbiji, akisafiri na mashua ya kununua pembe za ndovu kwenye pwani ya kusini. Walikuwa na kitabu cha Mwalimu, kimechakaa hadi hakina jalada. Safari moja waliuona mwamba uliotoboka, kisha kilima cha meza. Wakaingia kwenye mto ule mwekundu, wakauliza kwa ishara na kwa maneno machache ya mkalimani wao. Watu wakawaelewa mara moja. Wakawapeleka kwenye kaburi.

"Alikufa lini?" Guiomar aliuliza.

"Majira ya baridi yaliyotangulia. Homa. Mkalimani alisema aliishi nao tangu siku ile. Walimuunga mguu, ukapinda, akawa anatembea na fimbo. Walikuwa wanamwuliza habari za mvua. Anaangalia bahari, anawaambia itanyesha au haitanyesha, na mara nyingi alikuwa anapatia."

"Mara nyingi," Guiomar alisema. Alikuwa karibu kutabasamu. "Nyumbani alikuwa anakosea. Nililowesha nguo nyingi kwa ajili yake."

Cosme alitazama chini. "Alikuwa na mke, mama. Kule."

"Ehe."

"Mwanamke mrefu. Alitupa maziwa ya mgando. Alipoona tuna ndevu kama za mumewe alilia kidogo, akaacha. Na kuna mtoto, wa kike, anatembea. Mama yake hakutaka tumkaribie, nadhani aliogopa tutamchukua."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mashua zile hazikuwa zikinunua pembe tu. Sote chumbani tulijua hivyo, hata Cosme.

Guiomar alikaa na habari ile. Nilimwangalia nisione hasira niliyoitarajia. "Anaitwa nani huyo mtoto?" aliuliza.

Cosme alibabaika. "Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Tuliuliza habari za pembe, na maji ya kunywa, na za rubani. Jina la mtoto halikunijia."

Hapo ndipo hasira ilipomjia. Alisimama. "Umekwenda mpaka mwisho wa dunia. Umesimama mbele ya mtoto wa Lançarote. Umerudi na urefu wa mama yake na ladha ya maziwa, na jina huna." Akamgeukia Mwalimu. "Andika kwamba yupo."

"Nitaandikaje mtu asiye na jina?" Mwalimu aliuliza, si kwa ubishi.

"Kama ulivyosema. Mtoto wa kike, anatembea. Acha nafasi pale pa jina."

Mwalimu aliandika hivyo, na mpiga chapa akaiacha nafasi, tupu, katikati ya mstari. Kitabu hicho hakikuuzwa vizuri. Amaro alisema hakina dhoruba, watu hawajui washike pumzi wapi.

Cosme alikula kiapo mbele ya padri, Guiomar akawa mjane kweli, akamlilia Lançarote mara ya pili, safari hii nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Baada ya mavuno ya zabibu aliolewa na Simão. Gaspar alikunywa kwa niaba ya wote wasiokunywa. Kitanda kilikuwa kimeliwa na mchwa mguu mmoja, Simão akakitengeneza kwa ubao wa pipa.

Mpaka leo, merikebu za India zikitia nanga, Guiomar huniachia kikaango chake akashuka gatini kuwauliza mabaharia waliopita pwani ile. Bado hajapata aliyelileta jina.